Nusu Nyingine ya Gazeti la Mandazi

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande kama michikichi ya karibu na ziwa, na kuna maneno ambayo sijui kama huandikwa kwa L au kwa R, kwa hiyo nimeyaandika kama ninavyoyasikia nyumbani. Nilisoma hadi darasa la sita tu. Mkiona alama ya rangi ya machungwa kwenye ukurasa, msidhani ni uchafu. Ni mawese. Nimenawa kwa sabuni mara mbili kabla ya kushika kalamu, lakini mawese hayatoki kwenye kucha kwa siku moja.

Ninaandika polepole, na ninasoma polepole pia, kidole kikiwa chini ya neno na midomo ikitembea. Shule niliianza kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, nikaimalizia hapa Rumonge, Burundi, baada ya kurudi. Huku walifundisha kwa Kirundi na Kifaransa, na mimi masikio yangu yalikuwa bado kwenye Kiswahili cha sokoni kule. Wenzangu walicheka midomo yangu inavyotembea. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kunyamaza. Mgeni akija ninatafuta kazi nyuma ya nyumba.

Nyumbani tuko watatu: bibi, mama na mimi. Bibi hakusoma kabisa. Mama alisoma kidogo akasahau. Kwa hiyo mimi ndiye ninayesoma karatasi za kituo cha afya, maneno ya kwenye boksi la dawa, ujumbe wa kwenye simu. Na jambo la ajabu ni kwamba nikisoma sioni haya. Sauti inatoka vizuri. Nilikuwa ninajiambia kwamba ni kwa sababu maneno si yangu, ni ya yule aliyeandika, mimi ninayabeba tu kama mtu anayebeba bidoni la maji la mwingine.

Tunaishi nje kidogo ya mji, upande wa mlimani wa barabara ya Nyanza-Lac. Nyuma ya nyumba tuna mashine ya chuma ya kukamua chikichi, ya kuzungushwa kwa mikono. Watu wanatuletea chikichi zao, tunazichemsha kwenye pipa, tunazikamua, na sehemu ya mafuta inakuwa yetu. Mama na mimi ndio tunaosukuma mti wa mashine, tukizunguka na kuzunguka. Bibi hana tena nguvu hizo. Kazi yake ni kuhesabu. Anakaa kwenye mkeka na kopo la kokwa kavu za chikichi. Kila beseni likikamuliwa mbele ya macho yake, anaweka kokwa moja upande wa kulia. Yale mabeseni ambayo mtu amesema ataleta kesho, kokwa zake zinakaa upande wa kushoto. Pande hizo mbili hazichanganyiki hata siku moja. Kuna watu wamekuja kubishana naye, wenye kalamu na daftari, wakashindwa.

"Ahadi haina mafuta," bibi huwaambia.

Mimi ananiita muke mwenzangu. Babu, kabla hajafa kule kambini, alikuwa akiniita mke wake mdogo, kama mababu wanavyofanya. Kwa hiyo bibi anasema sisi wawili ni wajane wa mwanaume mmoja, ila mimi sikuwahi kumfulia shati. Tangu nikiwa mdogo tunakula sahani moja, yeye na mimi. Mama anakula peke yake kwa sababu anakula haraka, na bibi anasema kula na mama ni kama kushindana na kuku.

Asubuhi moja mama alinituma mandazi. Mwanamke anayeyauza pale njia panda huyafunga kwenye magazeti ya Kiswahili yanayokuja na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya ziwa, magazeti ya zamani, yananunuliwa kwa kilo. Nilipofika nyumbani nilikunjua karatasi, nikagawa mandazi, na karatasi nikaitandaza kwenye goti nisome. Ni tabia yangu.

Jirani yetu alikuwepo. Ni mama mmoja aliyetoka Kivu ya Kusini, Kongo. Ananunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule Magara, anawaanika, anawauza hapa mjini, na kila asubuhi anapitia kwetu kuchukua mafuta na kucheka kidogo.

"Soma kwa sauti, mutoto," alisema. "Tusikie dunia inasema nini."

Nikasoma. Juu kulikuwa na maneno makubwa meusi: MAWESE YATAJWA KUUA MOYO. Chini yake palisema watafiti wa nchi ya mbali wamegundua kwamba mafuta mekundu ya mchikichi yana madhara kwa moyo, na kwamba habari hii ni onyo kwa watu wanaoyatumia kila siku. Niliisoma vizuri sana, hata mimi nilijisikia. Halafu karatasi ikaisha. Ilikuwa imechanwa katikati ya mstari, kwenye neno "hata".

"Eh!" jirani akapiga makofi. "Basi mimi niko maiti tangu zamani. Nilizaliwa mu mawese, nikaogeshwa mu mawese. Mama, nipimie litre moja ya kufa nayo."

"Chukua mbili," mama akamjibu, "ukafe umenona."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma vizuri na watu walikuwa wamenisikiliza. Bibi hakucheka. Alikuwa ameshika andazi lake bila kuling'ata. Nilidhani meno yanamuuma.

Mchana tulikuwa wawili, tunatenga chikichi kutoka kwenye miiba ya mikungu. Bibi akasema bila kuinua uso, "Muke mwenzangu. Lile gazeti lilisema moyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Si tumbo? Si kichwa?"

"Moyo, bibi."

Akaendelea kutenga chikichi, moja, mbili, tatu.

"Babu yako alikufa na moyo," akasema.

Nilijua. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka watu wengi mlangoni na mtu mmoja aliyenipa muwa ili nisiulize maswali. Wa hospitali ya kambi walisema moyo umechoka. Lakini alichoniambia bibi baada ya hapo nilikuwa sijawahi kukisikia, na sidhani kama mama alikuwa amekisikia.

"Kambini walitupatia mafuta ya mugao," alisema. "Meupe kama maji, mu mukebe. Babu yako hakuyapenda. Alisema yanapita mu koo kama mugeni asiyesalimia watu. Mimi nikawa ninayabeba hadi sokoni, ninabadilisha na wenyeji, ninarudi na mawese. Kila mugao. Miaka yote ile. Hakuniomba, unasikia? Ni mimi niliona huruma." Aliangalia vidole vyake, ambavyo ni vyekundu pembeni ya kucha kama vyangu. "Wale walitupatia mafuta mazuri, mimi nikayabadilisha na ya kumuua."

Hapo ndipo nilipaswa kusema kitu. Mtu mwingine angesema. Mimi nilikunja lile gazeti mara nne, nikaliingiza kwenye fundo la kitenge changu, kana kwamba likifichwa litakuwa halijasomwa.

Jioni, bibi aliomba sahani yake peke yake. Tulikuwa tumepika maharage na mawese kama siku zote. Alichukua ugali tu, akaweka chumvi pembeni, akala akiwa amegeuka upande. Mimi nikabaki na sahani yetu mbele yangu, nusu yake haina mtu.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu. Sombe, majani ya muhogo, ikipikwa, hapana. Lengalenga, ule mchicha wetu, hapana, zimepita mu mafuta. Ndagala wa jirani, hapana. Kwetu huku ukiondoa mawese kwenye chungu, hakuna kinachobaki cha kumpa mtu. Mama alijaribu kununua mafuta ya chupa. Bibi alitikisa kichwa. "Hayo nilimunyima mwenyewe," alisema, na mama hakuelewa. Mimi nilielewa.

Chumvi ndiyo ilikuwa mboga yake. Mwanzo aliichovya kidogo, halafu akawa ananyunyiza juu ya ugali hadi inaonekana. Mama alipomuuliza, alijibu, "Chumvi haikuandikwa mu gazeti."

Alikonda shingoni kwanza. Siku moja tulikuwa tunazunguka na mashine, nikasikia kopo la kokwa likianguka. Bibi alikuwa ameketi pembeni ya mkeka, mkono machoni, akisema dunia inazunguka naye wakati wanaopaswa kuzunguka ni sisi. Hata hapo alitafuta mzaha. Mama alimwinua, kisha akaniangalia.

"Ulimusomea nini wewe?"

Nikamweleza yote, hata ya kambini. Nilisema kwa sauti ndogo sana, akanilazimisha kurudia. Alifuta mikono.

"Basi wewe ulikifungua kinywa cha lile gazeti," alisema. "Wewe ndiye utakifunga."

Tulimpeleka kituo cha afya. Nesi aliyetupokea ni mwanamke ambaye ndiye humpima bibi tansiyo, yaani presha ya damu, kila mwezi, ana sauti ya juu na mikono ya taratibu. Alimfunga ile kamba ya mkono, akasubiri, akakunja uso.

"Amahoro, bibi, lakini tansiyo iko juu. Dawa unakunywa?"

"Ninakunywa."

"Unakula nini?"

"Bugali."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Na nini ingine?"

"Na chumvi ingine."

Nesi aliweka kalamu chini. "Nani alikuambia hivyo?"

Bibi aliniangalia tu, kwa upole, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Ningeweza kuingia ndani ya ukuta ningeingia. Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa gazeti.

Nesi alilisoma haraka, macho tu, midomo imefungwa. Akaligeuza nyuma, akaona mguu wa mchezaji wa mpira na tangazo la mafuta ya kupikia ya chupa. Akaligeuza tena mbele.

"Nusu ingine iko wapi?"

"Ilibaki kwa mama wa mandazi," nikasema.

Alicheka hadi mgonjwa wa nyuma yetu akacheka bila kujua ni nini. Halafu akaacha kucheka, akanivutia kigoda.

"Sikiliza, mudogo wangu. Maneno makubwa ya juu ni kama mutu anayepiga kelele sokoni. Sisemi anadanganya. Ninasema umufuate kwanza uone anauza nini. Walimupima nani? Ni watu ao ni wanyama? Walikuwa wengi ao wachache? Walikula mawese kiasi gani, na walikula na nini? Kazi yenyewe nani aliilipa? Majibu ya hayo hayakai juu. Yanakaaga chini, mwishoni, pale wanapofungia mandazi."

Akamgeukia bibi. Hakumwambia mawese ni dawa. Alisema mafuta mengi hayamfai mtu wa tansiyo, yawe mekundu, yawe meupe. Lakini mafuta kidogo mu mboga, maharage, lengalenga, ndagala waliooshwa vizuri, hivyo ale. Chumvi ndiyo aiogope, na dawa asiiache. "Mutu mukubwa anayekula bugali na chumvi tupu, huyo ndiye ananiogopesha mimi," alisema.

"Murakoze," bibi akamshukuru. Akafunga kitenge chake, akasimama. Kisha akasita mlangoni. Niliona midomo yake ikitembea kama yangu ninaposoma. Alitaka kuuliza. Nesi alikuwa amekwisha kuita mtu mwingine, na bibi akatoka.

Njiani nilijua kwamba nesi ametibu sahani. Lile lingine, la babu, lilikuwa bado kwangu.

Kesho yake nilikwenda njia panda. Nilizunguka mara mbili kabla ya kusogea. Mama wa mandazi alikuwa anageuza mandazi kwenye karai, mafuta yake meusi kama kahawa.

"Shikamoo, mama. Naomba gazeti."

"Yoo! Leo umepata mudomo!" Aliwaita hata wenzake wa jirani. "Njooni musikie, bubu amesema! Unataka mandazi ao unataka gazeti?"

"Gazeti."

"Gazeti halishibishi, mutoto."

Nikamwonyesha kipande changu, nikamwambia ninatafuta mwisho wake. Alikitazama, akafuta jasho. Aliniambia kwamba mizigo anayonunua huwa na magazeti mengi ya siku moja, yale yaliyokosa wanunuzi, kwa hiyo ukurasa huo unaweza kuwemo tena. "Lakini kazi kwanza," akasema. "Unichanie karatasi za leo huku unatafuta."

Nikakaa chini ya meza yake nikachana. Nilichana harusi za watu, nikachana mipira, nikachana habari za bei ya mahindi. Kila nilipochana nilifikiria kuna mtu atafika nyumbani na neno "hata" bila kinachofuata. Niliukuta ukurasa wangu mara ya kwanza ukiwa umeloa. Mara ya pili ulikuwa umekatwa juu na chini ukabaki mguu wa mchezaji. Mara ya tatu ulikuwa mzima.

Sikupiga kelele. Niliusimamisha tu mbele ya uso wangu, mama wa mandazi akauona.

"Chukua," alisema. "Lakini urudi uniambie mwisho wake. Tunakufa ao hatufi? Mimi ninakaangia watu hapa."

Mchana ule mama alikwenda mjini, nadhani kwa makusudi. Nilimkuta bibi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Nikamwambia, "Bibi, nimepata nusu ingine." Sauti ilitoka yenyewe.

Alitazama karatasi kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mlango wa mahakama. Kisha akasema, "Subiri," akavuta kopo lake la kokwa. Akapangusa mkeka kwa kiganja, upande wa kulia na upande wa kushoto.

"Soma vile unavyosomaga. Polepole. Waliloliona kwa macho yao, unaniambia. Lile wanaloahidi tu, unaniambia."

Nikasoma. Sijawahi kusoma vizuri kama siku ile, na nadhani ni kwa sababu sikujaribu kusoma vizuri. Kila sentensi niliirudia mara mbili. Watafiti waliwapa panya mawese. Bibi akainua mkono.

"Panya?"

"Ndiyo, bibi. Panya."

"Waliwaona?"

"Waliwaona."

Kokwa moja, kulia. Mawese yenyewe yalikuwa yamechemshwa na kuchemshwa tena hadi yakabadilika. Kulia. Mioyo ya baadhi ya panya hao ilikuwa na dalili mbaya. Kulia. Halafu nikafika pale nilipokuwa nimekwama, kwenye lile neno "hata", na baada yake palisema hata binadamu huenda wakapata madhara kama hayo.

"Huenda," bibi akarudia. Kokwa, kushoto.

Inawezekana mafuta mabichi yasiyochemshwa mara nyingi nayo yako hivyo, lakini hawakuyajaribu. Kushoto. Inawezekana ni kitu kingine katika chakula cha panya. Kushoto. Mmoja wa watafiti alisema mwenyewe kwamba ni mapema mno kusema lolote kuhusu watu, na utafiti zaidi unahitajika. Bibi alifikiria hapo. "Huyu anajua kazi yake," alisema, akaweka kushoto. Mwishoni kabisa kulikuwa na mtaalamu mwingine, ambaye hakuwemo kwenye kazi hiyo, akisema mtu asiangalie chakula kimoja bali sahani nzima. Mimi nilimpenda huyo, nikamsoma kwa nguvu.

"Naye aliona?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Anatoa mawazo."

"Kushoto."

"Lakini anatutetea!"

"Kushoto, muke mwenzangu. Beseni la rafiki nalo linahesabiwa likifika."

Nikazihesabu kwa macho. Kulia kokwa tatu. Kushoto zilikuwa zimeanza kubingirika.

"Na yale maneno makubwa ya juu?" akauliza.

Nikayatazama. MAWESE YATAJWA KUUA MOYO. "Yametajwa, bibi. Hawasemi ni nani aliyetaja."

Alichukua kokwa, akaitupa kushoto bila hata kuangalia ilipoangukia.

Kisha akachukua nyingine. Hiyo hakuiweka. Aliishika katikati ya kiganja.

"Na babu yako?" alisema. "Wanamuweka wapi?"

Nilirudi kwenye karatasi. Ninaona haya kuandika hili, lakini kwa kweli nilitafuta, kidole chini ya kila mstari, kana kwamba ningeweza kukuta jina lake pale. Nilitaka kumwambia, hapana bibi, hukumuua, gazeti linasema hukumuua. Lakini gazeti halikusema hivyo pia. Nilikuwa nimekwisha kumsomea nusu ya habari kana kwamba ni nzima, na nilikuwa nimeona ilivyomfanya.

"Hayumo, bibi," nikasema. "Si kulia, si kushoto. Hawa hawakumwona. Hawajui kama alikuwepo. Hawawezi kumsema kwa vizuri wala kwa vibaya."

"Hayumo?"

"Hayumo."

Bibi aliinamisha kichwa, na machozi yakaanguka kwenye mkeka, mawili matatu, bila sauti. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaiweka juu ya magoti yake. Tukakaa hivyo. Kuku akaja akadonoa kokwa moja ya kushoto akaitema.

Baadaye akasema, "Siku ya kwanza nilipomuletea mawese kule, nilipika maharage. Alinusa kabla hajafika mulangoni. Alikula akalamba vidole, akalamba hadi hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono. "Akaniambia, leo nimelala Rumonge. Na jua lilikuwa halijatua!" Akacheka, akajifuta pua. "Hiyo niliiona mimi. Kwa macho haya."

Akanyoosha mkono, akaweka ile kokwa upande wa kulia, taratibu, mbali kidogo na za panya.

Tulipika sombe. Bibi mwenyewe alipima mafuta, kijiko kimoja, mabichi, na chumvi akaificha nyuma ya chungu. Nilipoleta sahani mbili alinitazama kana kwamba nimeleta wageni.

"Ya pili ya nani? Sogea, muke mwenzangu."

Nikasogea.

Sitaki mseme kwamba mimi sasa ni adui wa magazeti. Bado ninayatandaza kwenye goti. Na sisemi mawese hayana neno. Tunatumia machache kuliko zamani, kwa ajili ya tansiyo ya bibi, na yaliyokwisha kuchemshwa mara nyingi hatuyali. Nilirudi pia kwa mama wa mandazi nikamwambia mwisho wa habari: kwamba ni panya, na ni mafuta yaliyorudiwa rudiwa. Alitazama karai lake jeusi, akanitazama mimi, akaniambia bubu alikuwa na faida zaidi. Lakini juma lililofuata nilipopita, mafuta yake yalikuwa mekundu, mapya.

Jirani naye alileta simu majuzi, imeandikwa kwamba limau na kitunguu vinamaliza tansiyo na mtu anaweza kutupa vidonge. Alitaka nimsomee bibi. Kabla sijafungua mdomo bibi aliuliza, "Nusu ingine iko wapi?" Jirani akasukuma kidole juu, akasukuma chini, hakuna kitu. "Basi hilo beseni halijafika," bibi akasema, akameza kidonge chake.

Zamani nilisema maneno ninayosoma si yangu. Sasa najua mdomo ni wangu. Kwa hiyo nina ombi. Kama nawe ndiye unayesoma nyumbani kwenu, kama umewahi kumsomea mzee wako habari ya chakula au ugonjwa na ukaona uso wake unabadilika, naomba uniandikie uliendeleaje naye baada ya hapo. Hasa wale ambao wazee wao walikuwa kambini kama wetu na walibadilisha mafuta ya mgao: waliyabadilisha na nini, na walikula na nani? Bibi anataka kusikia. Nitamsomea polepole. Mwandiko usiwatie aibu, mmeuona wangu. Ila mliyoyaona kwa macho na mnayoyadhani, myatenge kidogo, kopo lake liko tayari. Na tafadhali, mkituma, mtume karatasi nzima.